Wageni Katika Damu Yangu

Kila nikiongezewa damu, naota. Si ndoto za homa, hizo nazijua, zina kelele na zinanuka dawa. Hizi huja polepole, siku ya pili au ya tatu, mchana, nikiwa nimelala ubavu na jua limeingia dirishani hadi kwenye shuka. Naota mahali ambapo sijawahi kufika. Nimewahi kuota nakama ngamia, mimi ninayeogopa hata mbuzi. Nimewahi kuota naendesha trela lenye mzigo, nateremka kuelekea Salgaa huku breki zikinuka, na nilipoamka mguu wangu wa kulia ulikuwa umekakamaa kwa kukanyaga. Daktari mmoja aliniambia damu haibebi kumbukumbu. Nikamwambia sawa. Mimi sibishani na mtu aliyeshika sindano.

Aliyenifunza kuota hivyo ni mama, ingawa ukimuuliza atakana. Tangu nikiwa mtoto, pakiti ya damu ikishatundikwa pale juu, mama alikuwa anaiwekea kiganja. Damu hutoka kwenye friji ikiwa baridi, na yeye aliona si adabu kumwingiza mtu ndani ya nyumba na baridi yake. Aliishika hivyo kwa muda, halafu akaisemesha. "Karibu, mgeni. Sijui wewe ni wa nani, lakini karibu. Jisikie nyumbani." Nikiwa shule ya msingi niliona ni jambo la kawaida, kama kuomba kabla ya kula. Nikiwa sekondari nilitamani kitanda kinimeze.

"Mama, hiyo ni damu. Haisikii."

"Hata wewe ulikuwa tumboni na niliongea na wewe. Kwani ulikuwa unasikia?"

"Sijui."

"Basi nyamaza."

Mama hashindwi kwa maneno. Nimejaribu miaka yote hii.

Nina selimundu. Chembe zangu nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo, hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa na kuvunjika kabla ya wakati wake. Wazazi wangu walihama kutoka upande wa magharibi, huko kwenye joto na mbu, wakaja Keringet kulima viazi. Mtu angeketi chini kutafuta mahali pabaya kabisa pa kulea mtoto kama mimi, angechagua Keringet. Ni pazuri, sikatai. Asubuhi ukungu unalala juu ya mashamba mpaka unasahau kama kuna barabara. Lakini ile baridi inaingia kwenye mifupa na inakaa humo kama mpangaji asiyelipa. Ndiyo maana nilipomaliza shule nilihamia Nakuru, nikapanga nyumba mtaa wa Free Area, nikanunua mashine ya kufuma. Nafuma sweta za wanafunzi. Watu hunicheka kwamba naikimbia baridi na ndiyo inayonilisha. Wacheke tu, watoto wao wanavaa sweta zangu.

Damu niliyopewa ilitoka kwa kila aina ya watu. Mjomba wangu ana hoteli ya ugali na nyama pale Salgaa, na kila nilipolazwa alikuwa anawashawishi madereva wa malori waje kutoa damu ya kurudisha ile niliyotumia. Wengine walikuja kwa ajili yangu, wengine kwa ajili ya supu ya bure. Mama aliwashukuru wote kwa namna moja. Nakuru ina kila mtu, na kufikia umri wa miaka thelathini nadhani nilikuwa nimewapokea karibu wote.

Halafu ikafika siku ambayo damu haikuja. Nilikuwa nimelazwa hapo mjini, nimepauka hadi viganjani, na damu iliyoagizwa asubuhi haikuwa imefika hata jua lilipoanza kuinama. Kila tulipouliza tuliambiwa maabara bado wanalinganisha. Mwishowe waliazima damu kidogo iliyokubali kutoka kwingine, na sampuli yangu ikatumwa Nairobi. Majibu yaliporudi, mwanamke wa maabara alikuja mwenyewe hadi wadini. Alikuwa mtu wa umri wangu hivi, na sauti ya chini ya mtu aliyezoea kukaa na mashine. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Dada, group yako ni O, na tumekuwa tukikupea O," alisema. "Lakini ndani ya group kuna alama zingine ndogo ndogo ambazo kwa kawaida hatuziangalii. Umeongezwa mara mingi, mwili wako umezijua zile ambazo si zako. Umetengeneza kingamwili."

Mama akauliza, "Kwani kingamwili si kitu mzuri? Si ndiyo ya chanjo?"

"Ni hiyo hiyo, mama. Lakini hii yake inapigana na damu yenye tunampea." Alifikiri kidogo. "Mko na mbwa nyumbani?"

"Tuko naye."

"Mtu akikuja mara ya kwanza, mbwa anaweza muangalia tu. Sasa huyo mtu amkanyage mkia. Siku akirudi, hata kama ni baada ya miaka, mbwa atafanya nini?"

"Atamtoa mbio."

"Hata kama alikuwa amelala?"

"Hata kama alikuwa amelala," mama akasema, na nikaona ameelewa, kwa sababu alivuta leso yake karibu na mwili.

Wale ambao mbwa wangu hawataki walikuwa wawili. Yule mwanamke alitutajia: E kubwa, na JK a. Akatuambia kila hospitali tutakayoingia, hata ikiwa ni kwa sababu ya jino, tuseme hivyo kabla damu haijafunguliwa. "Na mnisikilize vizuri. Hizi kingamwili huwa zinalala. Mtu anaweza pima asione kitu. Hazijaenda. Zimelala tu."

Siku niliporuhusiwa kutoka, mama alinishika mkono tukashuka ngazi. Kule chini akasema, "Kwa hivyo umekuwa ukinifukuzia wageni." Alikuwa anatania, lakini uso wake haukuwa wa utani. Miaka yote hiyo alikuwa amewakaribisha.

Habari ilienea ploti nzima ninayopanga, na jirani mmoja alinivuta kando kwenye kamba za nguo akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa hiyo damu ulikataa ilikuwa ya watu gani?" Kwetu swali kama hilo si la mzaha, na anayeuliza anajua, na anayeulizwa anajua. Nilimwambia damu haikuja na kitambulisho. Nilirudi ndani nikafuma mikono miwili ya sweta bila kuinua kichwa, nikiwa na hasira. Alama hizo hazijui kabila. Mtu anaweza kuwa nazo na ndugu yake tumbo moja asiwe nazo.

Muda ukapita. Nilikaa vizuri, nikawa sihitaji damu, na ndoto zikapungua. Siku moja nilipoenda kliniki nyingine kupimwa, mama akiwa amenisindikiza, aliomba waangalie na zile kingamwili. Wakaangalia. Hawakuona kitu.

Mama aliketi kwenye benchi ya kliniki akalia kwa furaha, na kila mtu akatutazama. Nikamwambia, "Mama, yule wa maabara alisema zinalala." Aliniangalia kama niliyetema mate kanisani.

"Usikiri hiyo kitu," alisema.

Anayejua makanisa yetu ataelewa. Kwa kanisa la mama kule Keringet, ukiponywa unasimama mbele ya watu unatoa ushuhuda, na ukishatoa ushuhuda hukiri tena ule ugonjwa. Hutaji hata jina lake. Kuutaja ni kuufungulia mlango, na pia ni kumfanya Mungu muongo mbele ya waliosema amina. Jumapili iliyofuata mama alisimama. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi ya mbele nikiwa nimevaa sweta mbili, namsikiza akisema mtoto wake alikuwa na kitu ndani ya damu na hicho kitu kimeondoka. Watu wakaimba. Baadaye tulikula kuku na viazi, na wamama wakanishika mashavu. Nilikuwa na furaha siku hiyo, furaha ya kweli. Nilitaka sana iwe imeondoka.

Kuna Julai moja nilienda Keringet kupeleka sweta za shule fulani, na baridi ikanikamata kabla sijazikabidhi. Maumivu yalianza kwenye miundi, yakapanda mgongoni, yakaketi. Mama na kijana wa jirani wakanipakia kwenye pikapu, wakanifikisha hospitali ya kwanza waliyoipata njiani. Huko nilidungwa dawa ya maumivu, na dunia ikasogea mbali. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama blanketi iliyolowa. Niliwaona watu, niliwasikia, lakini nilikuwa ng'ambo ya bonde na wao upande huu.

Sista alisema damu imepungua sana, itabidi niongezwe. Halafu akamuuliza mama, "Mathe, ashawahi pata shida yoyote na damu?"

Nilisikia kimya cha mama. Bado nakisikia. Kilikuwa kirefu cha kutosha mtu kusema E kubwa, JK a. Nilijaribu kuinua mkono wangu, lakini mkono ulikuwa wa mtu mwingine.

"Hapana, sista," mama akasema. "Huyu alipona."

Wakapima, wakalinganisha, hawakuona tatizo, kwa sababu aliyelala haonekani. Pakiti ikaletwa. Mama akaiwekea kiganja mpaka ubaridi wake ukapungua. "Karibu, mgeni," akasema. "Jisikie nyumbani."

Nikaota. Niliota niko kwetu Keringet, ukungu umefunika boma, na wageni wanaingia mmoja mmoja kwa lango wakiwa wamevaa makoti ya mvua. Hawana haraka. Mama anawapa chai. Wanakaa kwenye viti, kwenye magunia, kwenye ukuta wa zizi, na nafasi bado ipo. Chini ya stoo ya viazi mbwa wetu amelala, pua juu ya miguu. Mgeni wa mwisho anapita karibu naye, na mbwa anafungua jicho moja.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani, nikarudi Free Area nikiwa na nguvu. Baada ya kama wiki moja hivi, nikiwa kwenye mashine, mgongo ulianza kuuma kwa namna ambayo haikuwa ile ninayoijua. Nilienda chooni. Mkojo ulikuwa mweusi kama strungi, chai ya rangi iliyochemshwa ikasahaulika. Nilijitazama kwenye kioo nikaona macho ya manjano yananitazama. Nikampigia mama simu, nikamwambia, "Ameamka." Hakuniuliza ni nani.

Hospitali ya mjini walinipima wakakuta damu imeshuka chini kuliko ilivyokuwa kabla ya kuongezwa. Mwanamke wa maabara alikuja tena. Alieleza kwamba mwili wangu umeivunja damu ya mgeni na katika vurugu hiyo ukavunja na yangu. Wakinipa damu yoyote tu, ninaweza kufa. Na damu ikizidi kushuka bila kuongezwa, ninaweza kufa vilevile. Wangenipa dawa za kutuliza mwili, maji, na kusubiri, na wakati huo huo itafutwe damu isiyo na alama zile mbili, iwekwe karibu.

"Kwani huko mlisahau kuwaambia?" akamuuliza mama.

Mama alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kumenya. Yule mwanamke hakuuliza tena.

Alipotoka, nilisema, "Sista alikuuliza, mama. Nilisikia." Nilikuwa na hasira ambayo sikujua ninayo, hasira ya mtu mzima aliyebebwa kama mtoto akawekwa mahali pabaya. Nilimwambia anaogopa aibu mbele ya kanisa kuliko anavyoogopa kunipoteza mimi. Mama aliweka chungwa kwenye kabati la kitanda, nusu limemenywa, akatoka kwenda kukaa koridoni. Nililia, halafu nikalala, kwa sababu hata kulia kunataka damu.

Siku hizo sizikumbuki vizuri. Zilikuwa na rangi moja, ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Moyo wangu ulikuwa unakimbia nikiwa nimelala. Mjomba alileta madereva wake, lakini wawili leo, mmoja kesho, na kila mmoja alikataliwa kwenye maabara. Yule mwanamke alisema sasa kwa kuwa kingamwili zimeamka, ni rahisi kuona ni damu gani zinaikataa, shida ni kupata watu. Wasiokuwa na zile alama mbili, na tena wawe O, ni wachache. "Nataka watu wengi kwa mara moja, mama. Mahali mnajulikana."

Mama alijua ni wapi. Mimi pia nilijua.

Jumapili asubuhi hakuja. Nilikuwa nimelala na simu kwenye mto, na ikalia, jina lake. Nilipoipokea hakuongea. Nilisikia mkwaruzo laini, karibu sana na sikio, nikaujua. Ilikuwa sufi. Alikuwa ameiweka simu mfukoni mwa ile sweta ya kijivu niliyomfumia, ikiwa wazi. Nyuma ya sufi watu walikuwa wanaimba, mbali, kama kanisa limezama chini ya maji. Wimbo ukaisha. Sauti ya mwanamume ikauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Nikasikia sweta inainuka, hatua juu ya sakafu ya mbao, halafu pumzi ya mama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mara ya mwisho nilisimama hapa nikasema mtoto wangu amepona. Hakuwa amepona. Ile kitu ilikuwa imelala, na nilikuwa nimeambiwa huwa inalala. Hospitali wakaniuliza. Nikaogopa kukiri, juu nilikuwa nimeshuhudia mbele yenu. Nikanyamaza, na sasa mtoto wangu anakufa." Kisha akasema kwa sauti ile anayosemea mistari ya Biblia aliyoihifadhi kichwani, kila neno na nafasi yake. "Mtoto wangu ako na kingamwili ya E kubwa, na ya JK a. Anahitaji mtu wa group O ambaye hana hizo mbili. Sijui ni nani kati yenu. Hata huyo mwenyewe hajijui. Naomba mkuje mpimwe."

Hakuna aliyesema amina. Nilibana simu sikioni. Nilisikia moyo wa mama kupitia sufi, au wangu, siwezi kuapa ni upi. Halafu benchi likalia, mtu akasimama, na sauti ya mwanamke mmoja ikasema, bila haraka yoyote, "Lori ya viazi iko na nani leo?"

Walikuja na hiyo lori, wakiwa wamevaa nguo za kanisa na vumbi la magunia mgongoni. Nilisikia tu sauti zao koridoni, zikiulizana kama itauma. Maabara walifanya kazi hadi kesho yake. Aliyepatikana alikuwa mmoja. Alikuwa jirani yetu tunayepakana naye kwa shamba, mwanamke ambaye ng'ombe wake na kabeji za mama wana kesi ndefu ya ua ulioanguka mpakani, iliyowahi kufika hadi kwa chifu. Hawakuwa wamesalimiana tangu mvua za mwaka uliopita. Alitoa damu, akanywa soda yake, akamwambia mama, "Bado hiyo ua utengeneze." Mama akasema atatengeneza.

Damu yangu iliposhuka tena, daktari alisema hakuna kusubiri zaidi. Pakiti ikatundikwa. Nilikuwa nusu macho, nusu ndotoni, naona mwanga wa alasiri ukutani na mkono wa mama ukipanda kuishika. Aliishika kwa muda mrefu kuliko siku zote. Nilingoja amkaribishe mgeni. Hakumkaribisha. Alitia mkono wake mwingine chini ya blanketi akaulaza juu ya kifua changu, akainama, na kwa sauti ile anayomtulizia mbwa pale langoni jioni akasema, "Tulia. Huyu tunamjua."

Damu haikuvunjika. Siku baada ya siku ilipanda kidogo kidogo, na macho yangu yakarudi kuwa meupe.

Siku ya tatu, jua likiwa kwenye shuka, niliota. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ua, kwenye shamba la jirani, nikitazama kwetu. Sijawahi kupaona kutoka huko. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, kabeji za mama zilikuwa zimefunga vizuri, na, niseme tu, zilinitamanisha. Nikapita pale ua ulipoanguka. Mbwa alikuwa amelala chini ya stoo ya viazi. Aliinua kichwa akanitazama kwa muda, kisha akakilaza tena juu ya miguu yake.